Simu Aliyonipa Mkwe

Kigumu kwangu katika kuandika haya si kalamu. Kalamu naishika polepole, maana shule niliiacha darasa la tatu, lakini naishika. Kigumu ni kuacha majina. Mimi ni mtu wa majina. Niulize wasichana tuliokaa nao dawati moja, nitakutajia wote, na mama zao, na walikoolewa. Niulize mashua zilizofungwa hapa ufukweni Usenge tangu niolewe, nitakwambia jina lililopakwa ubavuni, mwenye nayo, na nani alizama nayo. Watu wakibishana juu ya ukoo wanakuja kwangu, na jirani yangu husema siku nikifa chifu atafunga ofisi. Lakini hapa sitaandika jina la mtu hata mmoja. Majina na mahali ndivyo vilivyoniponza, mimi na binti yangu.

Binti huyo ni kitinda mimba wangu. Aliolewa Kisumu na mtu wa heshima, msimamizi wa ghala, mwenye sauti ya chini na viatu safi. Alipokuja mara ya kwanza na wazee wake, ufukwe mzima ulimsifu. Mimi pia nilimsifu, kwa sababu alijua kukaa.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Mama mkwe tunamwita maro, na neno lenyewe lina uzito. Mkwe hali chakula mbele ya maro. Hamshiki mkono. Haingii jikoni kwake, na mlango wa chumba anacholala hata hautazami. Akiwa na zawadi, anaipitisha mkononi mwa mtu mwingine, na maro haikatai, maana kukataa zawadi ya mkwe ni kama kumwambia akurudishie binti yako. Basi siku hiyo alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, uso umeelekea nje, akampa jirani yangu kisanduku, jirani akanipa mimi. Ndani mlikuwa na simu ya kupapasa, kubwa, mpya. Alisema ameshaweka kila kitu tayari, laini, picha ya binti mbele, ili maro asisumbuke.

Sikusumbuka. Nilishona kifuko cha kitambaa nikakivaa shingoni, simu ikawa inakaa kifuani. Binti alinifundisha kusikiliza sauti alizonitumia na kumtumia yangu, kwa kuwa kuandika kwenye kioo vidole vyangu havikuweza. Kila nilipokwenda, kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, kanisani, kuoga, nilikuwa nayo.

Na asubuhi nilisali nayo. Tangu ujana nasali kwa sauti kabla ya kutoka kwenda kwenye nyavu za kuanikia. Nataja kila mtu wangu kwa jina, na alikolala, na shida yake ya wiki hiyo. Mchungaji mmoja aliwahi kuniambia Mungu anajua tayari. Nilimjibu kwamba ana watu wengi, wacha nimkumbushe. Simu niliiweka kwenye kigoda mbele yangu, imewashwa tochi, nipate kuona Biblia.

Mwaka wa pili wa ndoa, binti alikuja nyumbani na mkoba mmoja na taya limevimba upande. Hakueleza sana. Aliniambia mume wake anampiga bila kupandisha sauti, na kwamba mara ya mwisho alimkaba mpaka akaona giza. Alisema akirudi atakufa. Nilimwamini, kwa sababu tangu utotoni huyu hakuwa mtoto wa kulia ovyo.

Wazee wa ukoo walitaka pande mbili zikutane waongee. Binti hakungoja waongee. Alinunua laini mpya, akaenda Ahero kwa binti ya dada yangu, ambaye ana kipande cha shamba katika mradi wa mpunga. Alikolala tulijua watatu tu: yeye, mwenyeji wake na mimi. Kila jioni alinipigia. Aliniambia mgongo unamuuma kwa kuinama kupandikiza, na matope yamemla kucha, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba analala usingizi.

Wiki ya tatu, akiwa ndani ya maji na wanawake wenzake, aliinua kichwa akamwona mume wake amesimama kwenye tuta la mfereji na viatu vyake safi. Alimshika mkono akamvuta mpaka barabarani. Wanawake walitoka na matope yao wakapiga kelele, madereva wakasimama, ndipo akamwachia. Alimwambia neno moja tu kabla ya kuondoka: "Nenda popote unapotaka. Utanikuta."

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza. Nilimlaumu binti ya dada yangu. Watu walikuwa watatu, mimi sikusema, binti hakusema, nani amebaki? Nilimpigia simu nikamwita kwa jina lake lote, na jina la baba yake, nikamwambia ameuza damu yake. Alilia akaapa. Nikamkatia. Nilikuwa nimeketi kitandani, simu ile ile mkononi, na ilikuwa moto.

Binti alihamia Nyalenda, mtaa wa mabanda huko huko Kisumu. Alisema mahali penye watu wengi hakuna anayemtazama mtu. Alipata chumba cha mabati karibu na bomba la maji, akawa anafulia watu nguo. Laini akabadilisha tena. Safari hii aliniambia mimi peke yangu, na mimi sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu tu.

Siku moja alinieleza kwa simu kwamba mtungi wake wa njano umepasuka kwenye foleni ya maji, mama mmoja ameukanyaga wakigombania bomba. Tulicheka kidogo. Asubuhi yake nikaomba, Bwana, mwanangu aliye Nyalenda mpe mtungi mwingine, ule wa njano umepasuka. Kesho yake kwenye laini yake mpya uliingia ujumbe kutoka nambari asiyoijua: "Pole kwa mtungi wa njano. Nunua wa bluu, unadumu."

Hakunipigia kunieleza. Alimtuma mtu wa kufua mwenzake, akanipigia kwa simu yake, akaniambia nije Kisumu na nisiulize kitu. Nilifunga omena kavu kwenye gazeti nikaenda.

Nilimkuta amekonda. Aliamini simu yake ina kitu ndani kinachomwona, na mwenzake alikuwa amemwelekeza kwa fundi mmoja karibu na soko, mzee mwenye mvi ambaye zamani alikuwa akitengeneza redio, na redio bado zilijaa kibandani kwake. Fundi aliichukua simu ya binti akaipekua muda mrefu, akafungua orodha baada ya orodha, akauliza kama kuna mtu mwingine amewahi kuishika. Mwisho akasema, "Mama, hii ni safi kama sahani ya kanisa. Hakuna kitu."

Binti alikaa chini kwenye kreti. Nadhani angependa kipatikane kitu.

Mimi, ili tu kumliwaza, nikasema afadhali simu yake, yangu inachemka kama uji. Nikamweleza fundi kwamba inaniunguza kifua hata nisipoigusa, kwamba naichaji usiku kucha na saa nne asubuhi imekufa, na bando la wiki linaisha siku ya pili na mimi sitazami hata picha. Nilidhani ni uzee wa betri. Fundi alicheka, akasema hata yeye betri yake ina miaka mingi na bado anatembea. Akanyoosha mkono nikampa.

Alipapasa, akapapasa. Kicheko kikamwisha usoni. Aliinuka akawasha redio moja, akaiongeza sauti, akaiweka simu yangu kando yake. Kisha akachukua kipande cha boksi na kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, akanionyesha. Mimi nasoma kwa kuunganisha. Tu. To. Ke. Tutoke. N-je.

Tulitoka tukasimama karibu na mama mmoja anayekaanga samaki, mafuta yanapiga kelele. Hapo fundi akatueleza. Ndani ya simu yangu kuna programu isiyo na picha, imepewa jina la kufanana na vitu vya simu yenyewe ili mtu asiishuku. Imeruhusiwa kusikiliza kipaza sauti wakati wowote, kusoma kila ujumbe, kurekodi mazungumzo na kuonyesha nilipo. Mlinzi wa simu, yule anayekagua programu mbaya, amezimwa. Na akaunti iliyofungua simu si yangu, ni ya mtu mwingine.

"Hii haikuingia yenyewe," alisema. "Mtu aliishika simu kwa mkono wake, akaiweka, akaificha. Nani alikupa, mama?"

Binti yangu alinitazama, na mimi nilimtazama.

Sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuelewa kilichonipata pale. Hofu ilikuja baadaye. Cha kwanza kilikuwa aibu, aibu ya kunitoa jasho. Mtu asiyeweza kunywa maji mbele yangu alikuwa amelazwa kifuani kwangu miaka miwili. Alinisikia nikioga. Alinisikia nikiugua tumbo, nikijikokota kwenda chooni. Alisikia mambo ya kike tunayoambiana na jirani yangu tukichambua omena, na alisikia kila asubuhi nikimpeleka mwanangu kwake kwa jina na mahali. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku simu ile. Ingekuwa ya shemeji, ya rafiki, tungeshuku. Lakini mkwe na maro? Hata wazo lenyewe halikuwa na njia ya kupita kichwani.

Nilimwambia fundi aitoe sasa hivi, aivunje kwa nyundo nikiona. Akatikisa kichwa. Alisema akiitoa, yule mwenye kusikiliza ataona imenyamaza, na atajua tumejua. Aliuliza, "Binti analala wapi leo? Na kesho? Hilo kwanza. Simu ni ya mwisho." Akapiga picha za ile orodha kwa simu yake mwenyewe, akatuchapishia kwenye karatasi, akasema twende polisi nazo.

Tulikwenda. Simu yangu tuliiacha kibandani inasikiliza redio. Askari wa zamu alizitazama karatasi juu chini, akaniuliza simu ni ya nani. Nikasema ni yangu, nilipewa na mkwe.

"Mama, mkwe amekununulia simu ya maana namna hii na umekuja kumshtaki? Wangu hajaninunulia hata soksi."

Wenzake walicheka. Mmoja alisema mzee akae vizuri na wakwe, dunia ni ngumu. Binti alionyesha shingo yake, lakini alama zilikuwa zimeshapona, akaulizwa kwa nini hakuja zikiwa mbichi. Kitabu cha kuandikia mashtaka kilikuwa wazi mbele yao na kalamu juu yake. Hawakuandika mstari. Walisema haya ni mambo ya nyumbani, tuite wazee.

Tuliporudi Nyalenda, simu yangu ingali kibandani kwa fundi, binti alinisimamisha kwenye foleni ya bomba, mtungi mpya mkononi, wa njano tena. Alisema anahitaji siku mbili za kuondoka. Katika hizo siku mbili nirudi Usenge na simu kifuani, niishi kama kawaida, niongee kama kawaida.

"Na usali kama kawaida, Mama. Sema niko Nyalenda."

"Nimdanganye Mungu?"

"Mungu anajua niko wapi. Unamdanganya yule mwingine."

Nikamuuliza anakwenda wapi. Alitazama mtungi ukijaa. Alisema hataniambia. Nikamwambia siku ya tatu simu itakuwa imesafishwa, haitakuwa na masikio tena, kwa hiyo aniambie hata baadaye. Akasema, "Itakuja nyingine." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma bei ya sukari. Kisha akainua mtungi kichwani, nikamfuata mpaka mlangoni, na pale hatukukumbatiana sana kwa sababu majirani walikuwa nje.

Asubuhi ya kwanza niliiweka simu kwenye kigoda, tochi ikiwaka. Nilitaja watu wote. Nilipofika kwake nikasema, Bwana, mwanangu aliye Nyalenda mlinde kwenye chumba chake cha bomba. Midomo ilikauka. Nimesali miaka zaidi ya hamsini, sijawahi kusema uongo nikiwa nimepiga magoti. Asubuhi ya pili nilisema tena, na safari hiyo ulitoka bila shida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Siku ya tatu nilirudi kwa fundi. Aliniambia ataifuta simu yote, ianze kama ilivyotoka dukani, na atafungua akaunti nyingine kwa jina langu. Picha angeweza kuziokoa. Nikamuuliza sauti. Binti yangu alikuwa amenitumia sauti nyingi kwa miaka miwili ile, za kucheka, za kuimba, moja ya kunifundisha kupika tambi. Fundi alijaribu, akakuna kichwa. Zilihifadhiwa ndani ya akaunti ile ya kwanza, na kuiacha akaunti ile ni kuacha mlango wazi. Nilimwomba nisikilize moja ya mwisho. Aliniachia kibanda, akatoka. Nilisikiliza ile ya tambi. Kisha nikamwita, akafuta.

Baadaye tulisikia kwamba mume alifika Nyalenda siku ile ya pili, akavunja mlango wa mabati, akakuta chumba kitupu na mtungi. Kwa hiyo uongo wangu ulifika kulikokusudiwa.

Nilimpigia binti ya dada yangu, wa Ahero, nimwombe msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema amesikia. Akasema mpunga unamngoja, akakata, na tangu hapo hapokei.

Nilikwenda pia kwa mzee wa ukoo, yule anayejua miiko. Nilitaka kujua kama kuna cha kufanya. Zamani mkwe akimwona maro akiwa hana nguo, hata kwa bahati mbaya, kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na majani, kulikuwa na maneno ya kusema, mambo yakaisha. Nilimweleza yote. Alichora chini kwa fimbo.

"Kuona, najua," alisema. "Kusikia kwa simu, sijui. Hakuna mbuzi wa hiyo."

Wiki ile ile mkwe alikuja. Jirani yangu alikuja mbio kuniambia, na kabla sijajipanga alikuwa ameshakaa kwenye kiti kile cha mlangoni, uso nje, viatu safi. Chai hakunywa, kama inavyotakiwa. Alizungumza na jirani ili mimi nisikie. Alisema amesikia simu ya maro imenyamaza, imeharibika, na imemsikitisha. Amesikia kwa nani? Hakuna aliyemwambia. Juu ya mke wake hakuuliza hata neno. Akatoa kisanduku kipya, jirani akakipokea, akanigeukia akikishika kwa ncha za vidole, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kila kitu.

Nilikipokea. Nilikuwa nimejiapiza nitakitupa uani. Lakini niliona nikikikataa nitamwambia wazi kwamba najua, na hapo atajua kuna mtu tunayemficha kwa makusudi, si mtu aliyepotea tu. Na pia, niseme kweli, mikono yangu ilinyooka yenyewe. Imefundishwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Alishukuru, akaaga, akaondoka kwa adabu zote. Kisanduku kiko chini ya kitanda, hakijafunguliwa, nimekifunika kwa gunia la omena. Ile simu ya kwanza nayo nimeizima. Fundi alisema ni salama sasa. Huenda. Lakini nikiishika naona kama mtu anapumua.

Binti hajapiga. Nambari yake ya mwisho haipo tena. Sasa ni mvua ya pili tangu aondoke.

Asubuhi bado napiga magoti, kwa mwanga wa koroboi. Nataja watu wangu wote. Nikifika kwake nanyamaza, nahesabu pumzi mbili, napita kwa anayemfuata. Mahali siwezi kutaja kwa sababu sipajui, na jina siwezi kulitoa. Kinywa kinakataa hata nyumba ikiwa tupu.

Juzi mama mmoja mnunuzi wa samaki, anayezunguka masoko mengi na lori, alinikuta kwenye nyavu. Watu walikuwa wamejaa pale, wanunuzi, wenye mashua, wabeba mizigo. Aliniita kwa furaha, akaanza, "Mama, unajua nimemwona nani? Binti yako, kule..." Nilimrukia. Nilimfunika mdomo kwa mkono wangu uliojaa magamba, kwa nguvu mpaka akarudi nyuma. Watu walicheka wakidhani tunataniana. Aliufuta mdomo wake kwa leso akaniuliza nina wazimu gani. Nikamwambia ndiyo, ninao, asiseme tena, asimwambie mtu yeyote. Alikasirika akaenda zake kwenye lori.

Sikumuuliza kama binti alikuwa mzima. Sikumuuliza kama amenenepa. Na sijui yule mama, huko alikokwenda na hasira zake, amemsimulia nani.